Try on: maneno mawili yaliyonijengea nyumba Cheyo

Kiingereza changu chote ni maneno mawili, na hayo mawili yamenijengea nyumba Cheyo, yamesomesha watoto watatu, na yamelifanya jina la Fundi Rama lijulikane kutoka Mtendeni mpaka Urambo. Wapo watu mjini hapa Tabora wametundika ukutani vyeti vya Kiingereza, na suruali zao zinawavuta makalioni. Mimi nimeishia darasa la nne. Niulize neno lolote nje ya hayo mawili, nitakutazama kama mbuzi anayetazama treni ikipita.

Maneno yenyewe ni "try on".

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kushona sasa, mnaopokea vipimo kwa simu na kutuma nguo kwa basi. Mwezi uliopita nilikabidhi mkasi. Sijazeeka, hilo lieleweke: nina miaka hamsini na sita na meno yangu yote. Ni macho tu yamegoma kuona tundu la sindano, na fundi anayeomba jirani amtungie uzi hana tena cha kujisifia. Nami napenda kujisifia, kwa hiyo nimeondoka mapema, sifa zikiwa bado mbichi.

Basi sikilizeni. Try on ni hivi. Umeshapima, umeshakata, nguo umeipiga bandi, yaani umeishikiza kwa mkono na uzi mkubwa unaofumuka kwa kucha. Cherehani haijaigusa. Hapo unamwita mwenye nguo. Anaivaa. Haivai kwa sababu ni yake, maana bado haijawa yake. Anaivaa ili yeye na wewe mwone inamkaaje. Halafu anaivua, na wewe unajua ukweli wako wote. Kupima anapima fundi. Try on anaifanya mwenye mwili, na fundi anakaa kimya.

Wenye lugha yao wanalitumia kwa kila kinachovaliwa. Nguo, viatu, kofia, miwani, hata pete. Umeingia duka la viatu, umeona kiatu, unaingiza mguu, unatembea hatua mbili tatu mbele ya muuzaji. Hiyo ni try on. Kikikubana unakirudisha kwenye boksi, na hakuna aliyekosewa heshima. Uzuri wa neno uko hapo hapo: unaruhusiwa kuvaa na kukataa.

Ila lisitumike kwa chakula, na hili nimelijua kwa aibu. Alikuja mama mmoja mgeni, mzungu, ametoka kutembezwa kwenye ile nyumba ya zamani ya misafara kule Kwihara, akataka sketi ya kitenge. Nikampima, nikamkaribisha chai na chapati. Nikamsogezea sahani nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Try on chapati." Yule mama akaitazama chapati. Akaitazama tena. Akaichukua, akaiweka kichwani, akageuka kwenye kioo changu kuona inamkaaje. Tulicheka mpaka muuza kahawa wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Yule mama akanifahamisha kwa ishara na maneno kuwa chakula ni "try" peke yake. Hiyo "on" ni ya kitu kinachopanda mwilini.

Na binti yangu Zuhura, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi, siku moja alinisikia namwambia mteja, "Try on it." Akasubiri mteja aondoke, maana nimemlea vizuri.

"Baba, hiyo 'it' inakaa katikati. Try it on."

"Kwa nini ikae katikati?"

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Kama bitana?" Bitana ni kile kitambaa laini cha ndani ya koti, kinachokaa kati ya suti na mtu.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo, baba. Kama bitana."

Tangu siku ile sijakosea, kwa sababu bitana haijawahi kunishinda. Kwa hiyo kwa hesabu ya Zuhura nina maneno matatu, lakini la tatu ni la mkopo.

Maneno haya nilipewa na Fundi Sudi, mwalimu wangu. Duka lake lilikuwa Mtendeni, chumba kimoja chenye baraza, cherehani mbili za miguu na pasi ya mkaa iliyokuwa nzito kama deni la ukoo. Juu ya ubao wa dirisha aliandika kwa chaki ya fundi, herufi kubwa: TRY ON. Mvua ikifuta, anaandika tena. Yeye aliyapata ujanani, alipokuwa akiwashonea wakubwa wa reli. Kulikuwa na mke wa bwana mmoja wa stesheni ambaye hakupokea nguo mpaka kwanza ayatamke maneno hayo na kuivaa ikiwa na bandi. Sudi akayachukua kama mtu anavyochukua mkasi mzuri uliosahauliwa mezani. Zaidi ya hapo naye hakujua kitu. Kwa hiyo Kiingereza cha mwalimu wangu nimekirithi chote, sikuacha hata neno moja.

Alikuwa na maneno mengine, ya Kiswahili, aliyonisomea kila nilipokamata mkasi kwa haraka. "Rama, babu yake bibi yangu alikuwa mpagazi. Alibeba robota la merikani begani kutoka pwani mpaka hapa. Miezi mitatu, jua, mto, mwiba. Kitambaa kimefika Tabora kwa mabega ya watu. Wewe unataka kukiharibu kwa pumzi moja ya mkasi?"

"Hiki kimekuja na treni, Mzee Sudi."

"Treni nayo imechoka. Piga bandi."

Sasa mjue, watu wetu hawapendi kuitwa mara mbili. Ukimwita mteja aje kuvaa nguo yenye uzi mweupe umetambaa juu kama njia ya siafu, anakuona hujui kazi. "Kwani juzi ulikuwa unapima nini, ukuta?" Hilo nimeambiwa mara nyingi. Na tuna desturi yetu nyingine ya tangu zamani: nguo ya kipimo. Mtu haji mwenyewe, anatuma nguo yake ya zamani. Mume analeta gauni la mke, mama analeta kanzu ya mtoto, fundi anailaza mezani, anapima nguo badala ya mtu. Kwa wanawake wa mjini ni stara, na mimi nimeiheshimu maisha yangu yote. Fundi Sudi naye aliiheshimu kwa kupimia. Lakini baada ya bandi alimtuma mkewe na nguo yenye bandi nyumbani kwa mteja, aivae huko, mkewe aje aeleze. "Nguo ya zamani inaujua mwili wa zamani," alisema. Basi.

Nilipofika miaka thelathini nilikuwa na duka langu mwenyewe, hapo hapo Mtendeni, cherehani tatu, moja ya umeme. Duka lake alikuwa amelifunga, magoti yalimchosha, akawa anakuja kukaa kwenye baraza langu kila asubuhi na kikombe chake. Na mimi, vijana wangu, nilikuwa hatari. Nilipima kwa macho. Mtu anapita barabarani, mimi na wenzangu tunabishana kiuno chake, anaitwa, anafungwa futi, ile kamba ya kupimia, nimepatia. Nimekunywa soda nyingi sana za ubishi huo. Wakanipa jina, Jicho-Futi. Nililipenda jina lile kiasi kwamba nililiandika juu ya mlango. Ile TRY ON ya dirishani sikuiandika kokote. Niliona inachelewesha kazi.

Mzee Sudi alilisoma jina lile siku ya kwanza, akanywa kahawa yake, akasema, "Jicho halivai koti." Nikacheka.

Jumatatu moja asubuhi akaingia Mama Ester. Huyu na mumewe, Mzee Yohana, walikuwa wakulima wa tumbaku na karanga kijiji kimoja cha njia ya Sikonge, watu wa kanisa la Moravian, wateja wangu wa miaka. Mzee Yohana alikuwa pande la mtu. Akisimama mlangoni kwangu ilibidi niwashe taa. Mama Ester alikuwa amefunga kitu kwenye kitenge.

"Mwangaluka, fundi," akaniamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mama. Karibu. Mzee hajambo?"

"Yuko wodini, hospitali ya Kitete, wiki ya sita hii. Anaendelea vizuri, wamesema atatoka Alhamisi ya wiki ijayo." Akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na suti ya zamani ya Mzee Yohana, niliyoshona mimi, na kitambaa kipya cha kijivu, kizito, kizuri. "Jumamosi yake Ester anaolewa. Mzee anataka suti mpya. Hii ya kipimo."

"Kwa nini asivae hii? Bado nzima."

Akaketi. "Fundi, huko kijijini wameshamzika. Baba mdogo wa Ester ameanza kutafuta viatu vya kumwingizia mtoto kanisani. Mzee amezisikia habari hizo akiwa kitandani. Amesema Ester ataingia na baba yake, kwa miguu ya baba yake, kwenye suti mpya, na kila mtu aone mtu mzima. Hajasema kitu kingine wiki nzima."

Mzee Sudi akauliza kutoka barazani, "Kitete ni mbali kutoka hapa?"

"Si mbali, babu," Mama Ester akajibu.

"Rama ana baiskeli. Rama ana futi. Na akishapiga bandi, baiskeli itakuwa bado ipo."

Nikaona ananivunjia heshima mbele ya mteja. "Mzee Sudi," nikasema, "mwili wa Mzee Yohana naujua kuliko anavyoujua mwenyewe." Nikailaza suti ya zamani mezani, nikaipima kwa madaha, nikachukua mkasi.

Ile suti, vijana, ilikuwa nzuri. Kosa langu sitalificha, lakini na uzuri siufichi. Kola ililala kama imezaliwa pale. Mifuko ilinyooka. Bitana niliishona kwa mkono. Nikaitundika mlangoni siku nne nzima ili wapita njia wajue ni nani anashona Tabora.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi, nikamwona Mama Ester anakuja akisukuma baiskeli. Nyuma kwenye kerea amekaa mzee mmoja mwembamba, ameshika kiti kwa mikono miwili. Nikatoka barazani, nimefurahi, nikampokea baiskeli.

"Karibu sana, Mama Ester. Suti iko tayari. Na mzee mwenyewe yuko wapi?"

Yule mzee mwembamba akashuka polepole.

"Niko hapa, fundi," akasema.

Nimekosea mengi katika maisha. Nimewahi kumshonea sheikh kanzu yenye mkono mmoja mrefu, nimewahi kuunguza kwa pasi shati la askari akiwa amesimama mbele yangu. Hakuna kosa lililoniuma kama lile.

Akaivaa suti. Mshono wa bega ukashuka ukakaa katikati ya mkono. Vidole vikapotea. Suruali ilibidi aishike. Akajitazama kwenye kioo changu kirefu, kile cha kujivunia.

"Basi, tuishie hapa," akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, nzito, imebaki peke yake. "Nikiingia kanisani hivi hawatamwangalia Ester. Watanililia mimi. Siku ya mwanangu watu wanililie mimi?" Akaanza kufungua vifungo. "Mama Ester, mwambie mdogo wangu aendelee na viatu vyake."

Mama Ester alikuwa anatazama sakafu. Mimi, Jicho-Futi, nikanyoosha mikono kumsaidia kulivua koti.

Kule barazani kikombe kikawekwa chini. Mzee Sudi akaingia, anajishika kiunoni, akasimama mbele ya Mzee Yohana.

"Usivue."

"Shikamoo, mzee. Acha tu, nimeshaona."

"Marahaba. Umeona nini? Yohana mdogo wangu, wewe hujavaa suti. Wewe umefanya try on. Suti utavaa kesho." Akageuka kwangu. "Hiki ndicho ulichotakiwa kukifanya wiki iliyopita. Fanya sasa. Fumua."

"Yote?"

"Acha kola. Kola umeipatia."

Hata katika hali ile, nilifurahi kusikia habari ya kola.

Tukaanza. Kufumua koti lililokwisha kumalizika ni kazi ya wembe na subira. Ukivuta uzi kwa hasira unachana kitambaa, na kile kitambaa hakikuwa na ndugu mji mzima. Tulimkalisha Mzee Yohana kwenye kiti changu mwenyewe, chenye mto, Mama Ester akamletea uji. Mabega tukayatoa, mikono tukaitoa, mgongo tukaupasua katikati. Saa nne tulikuwa na vipande mezani kama mwanzo, na mimi nikapiga bandi kwa mkono, ya kwanza tangu nifungue duka. Vidole vilikuwa vimesahau. Mzee Sudi alinipiga kidogo na futi kwenye kifundo cha mkono, kama zamani.

Hapa chukueni ujuzi, kwa sababu siku ile nilijifunza zaidi ya miaka yote. Mimi nilitaka kubana koti mpaka limguse. Mzee Sudi akakataa. Mtu aliyekonda ukimbana, unawaonyesha watu mifupa. Mwachie nafasi ya pumzi, vidole viwili kila upande. Mabega usiyafuate yalivyo. Weka sufi kidogo ndani, kiasi cha kiganja, yapate pa kusimama. Mkanda usimpe, utakusanya makunyanzi ya suruali kiunoni kama mdomo wa gunia. Mpe mikanda ya mabegani, suruali ianguke yenyewe. Na kwenye try on usimtazame mteja kwa mbele, huko mbele anajiandaa. Simama nyuma. Tena muulize habari za mashemeji zake. Mtu akivaa nguo mpya anavuta tumbo na kupandisha kifua. Ukimtajia shemeji, mwili unarudi mahali pake.

Try on ya kwanza, kusimama. Try on ya pili, kukaa, maana kanisani wanakaa. Halafu ikafika saa ya sala ya Ijumaa, mimi na Mzee Sudi tukaenda msikitini, tukarudi mbio, yaani mimi mbio na yeye kwa mwendo wake. Alipoingia akauliza, "Yohana, kutoka mlango wa kanisa lenu mpaka mbele ni hatua ngapi?"

Mzee Yohana akafunga macho akahesabu. "Thelathini. Thelathini na mbili."

"Na mtoto atakushika mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Rama, mshike mkono wa kushoto. Tokeni nje."

Sikuelewa. "Nimshike vipi?"

"Wewe ni Ester."

Vijana wangu, nilikuwa na ndevu. Nilikuwa na jina juu ya mlango. Nikamshika Mzee Yohana mkono, yeye amevaa koti lenye uzi mweupe kila upande, tukatoka barazani, mchana kweupe, Mtendeni, watu wanatoka msikitini. Tukaanza kutembea mwendo wa bibi harusi.

Muuza kahawa alikuwa wa kwanza. "Jicho-Futi, mahari umekula peke yako?"

"Mwache bibi harusi, mnamtia aibu," akadakia mwingine. "Ndevu zenyewe amezichana vizuri."

"Shangazi yake yuko wapi? Bibi harusi anatembea kama amevaa gambuti."

Niliuma meno nikaenda. Hatua ya kumi, Mzee Yohana alikuwa sawa. Hatua ya kumi na tisa uzito wake ukaanza kunielemea. Nikafikiri ataanguka. Mzee Sudi akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapo simama. Shika ncha za koti, livute chini taratibu, kama bwana mkubwa anayejiweka sawa. Pumua. Sasa nenda."

Akashika koti, akalivuta, akapumua. Tukaenda. Thelathini. Thelathini na mbili. Tulipogeuka, muuza kahawa akapiga kigelegele cha kike kabisa, na Mzee Yohana akaanza kucheka. Alicheka mwili mzima, koti linatikisika, na Mzee Sudi akawahi na chaki akaweka alama mgongoni na kwapani huku mtu anacheka, kwa sababu hapo ndipo mwili hauna uongo.

"Tena," akasema Mzee Yohana.

Tulirudia mara tatu. Kila mara tulisimama ile ya kumi na tisa.

Jioni, jua bado lipo, nilikuwa naingiza mshono wa mwisho kwenye cherehani. Kilikuwa kimebaki kitambaa kingi kilichozidi ndani ya mishono ya ubavu na mgongo. Nikachukua mkasi nikipunguze, kila fundi anafanya hivyo, mshono uwe mwembamba.

"Weka chini," akasema Mzee Sudi. "Kikunje ndani."

"Mshono utakuwa mnene."

"Ukipigwa pasi hauonekani. Kunja ndani, shikiza. Huyu mtu anarudi."

Nilidhani anasema kwa ajili ya Mama Ester aliyekuwa anasikiliza. Nikakunja.

Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka kijijini kwao. Mimi Mwislamu, nikasimama nje karibu na dirisha la kanisa, sikwenda kwa ajili ya harusi, nilikwenda kwa ajili ya koti. Walipoingia nilianza kuhesabu kwa midomo. Ester alikuwa amependeza, lakini nisingeweza kuwaambia alivaa nini. Kumi. Kumi na tano. Hatua ya kumi na tisa Mzee Yohana akasimama. Baba mdogo mtu, pale mbele na viatu vyake vinavyong'aa, akainuka nusu.

Mzee Yohana akashika ncha za koti. Akalivuta chini taratibu, kama bwana mkubwa anayejiweka sawa. Akapumua. Akaenda.

Mwanamke mmoja karibu na dirisha langu akamnong'oneza mwenzake, "Mzee Yohana kapendeza, jamani." Nilikaa pale mpaka mwisho nikitega sikio. Neno "pole" sikulisikia hata mara moja.

Jumatatu nilipanda kwenye kiti nikalifuta jina la Jicho-Futi. Pale pale nikaandika kwa chaki yale mawili, na baadaye nikamlipa mchoraji ayaweke kwa rangi. Watu walinuna kuitwa mara mbili. Wakanuna mwaka, wa pili wakaanza kuwaleta shemeji zao. Leo mnaniona na nyumba mnafikiri ni bahati. Ninyi mnatumiwa picha ya mtu kwenye simu, amevuta tumbo, amesimama upande wake mzuri, mnakata. Simlaumu mtu, hata mimi nilikata kwa kutazama suti kuukuu, na baiskeli ilikuwa imeegemea mlangoni.

Ile suti ya kijivu niliiona tena baada ya tumbaku kuuzwa. Nilikuwa nimekaa na Mzee Sudi barazani, yeye na kikombe chake. Tukasikia kengele ya baiskeli. Mbele anaendesha Mzee Yohana, jasho linamtoka, na nyuma kwenye kerea amekaa Mama Ester, ameshika kiti kwa mikono miwili, amekunja uso kwa mwendo anaopelekwa.

Mzee Yohana akashuka, akafungua kitenge, akavaa koti pale pale barabarani. Akajaribu kulifunga. Vifungo na matundu vikatazamana kwa mbali, kama majirani waliokosana.

"Fundi," akasema, kwa sauti iliyokuwa sasa imepata mwili wake, "ulinishonea suti ya mgonjwa."

Nilimtazama Mzee Sudi. Alikuwa anatazama kahawa yake tu.

Nikaliingiza koti ndani, nikachukua wembe, nikafumua ubavu. Kitambaa kilikuwepo, kimelala humo ndani, kijivu, kipya, na mstari wa pasi yangu bado uko juu yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye futi. Mzee Sudi akakohoa kidogo. Nikairudisha futi shingoni, nikatunga uzi mkubwa mweupe, nikapiga bandi, nikatoka na koti nimelishika kwa mabega.

"Try on, mzee," nikasema. "Tuone umefika wapi."